Ngeli za Wanakili wa Madaftari ya Vitalu

Wataalamu wa mimea wameainisha kila kijani kinachoota, ila kiumbe mmoja wamemruka: yule anayenakili kwenye kompyuta madaftari ya mauzo ya vitalu vya karne ya 19. Makala haya yanaziba pengo hilo. Makazi yake ya asili ni mahali kama Rochester, New York, ambako George Ellwanger na Patrick Barry walifungua kitalu mwaka 1840, na nyaraka zao zimo katika maktaba ya chuo kikuu cha mji huo.

Wa kwanza ni Mgeni (Nakilia stupefacta). Karani wa zamani alipochoka kurudia jina aliandika "do.", yaani kama hapo juu. Mgeni anatangaza kugunduliwa kwa mti uitwao Do, uliopendwa na wateja kuliko miti yote. Akikutana na Duchesse d'Angoulême anamwingiza kwenye orodha ya wanunuzi, kumbe ni pea. Northern Spy, tufaha la huko huko New York, anamshuku ujasusi. Hana madhara. Husahihishwa kabla ya chai ya saa nne.

Mtabiri (N. prophetica) husoma jina kamili ndani ya doa la wino. Tusimpotezee nafasi.

Wa kuogopwa ni Msomi (N. doctissima), kwa kuwa makosa yake hayana sura ya makosa. Anaijua botania, na karani asiyejua tahajia humkosesha usingizi. Chukua gugu la Kijapani ambalo mtaalamu wa mimea von Siebold alilitangaza kutoka kitalu chake cha Leiden, Uholanzi. Mwaka 1847 chama cha kilimo na bustani cha Utrecht kililitunuku medali ya dhahabu kwa uzuri wake. Mwaka 1850 likafika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Leo Mwingereza akikutwa nalo uani, benki husita kumpa mkopo wa nyumba. Wauzaji wengi waliliita Polygonum cuspidatum. Msomi anafuta, anaandika jina la leo, Reynoutria japonica, kisha anajipongeza. Mtafiti anayefuata nyayo za gugu hilo anataka kujua liliuzwa lini, kwa jina gani na kwa bei gani, ili alinganishe na mwaka lilipoonekana mara ya kwanza likiota porini. Sasa anasoma daftari la kale lililojaa majina ambayo karani hakuwahi kuyaandika.

Amebaki Mwaminifu (N. fidelis), adimu kupindukia. Kosa la karani analinakili lilivyo, herufi kwa herufi. Asipoweza kusoma anaandika "haisomeki", anashuka mstari unaofuata. Hajawahi kuonekana kwenye hafla za tuzo.

Msimamizi wa mradi, ukimpata huyu, mkabidhi daftari lenye mwandiko mbaya kuliko yote. Msomi naye usimfukuze: mfungulie safu ya maelezo pembeni, amwage huko elimu yake yote.