Namna ya Kuitolea Maoni Crown Mpya Ukiwa Mbulu au Katesh

Sharti la kwanza ni kutokuwa na gari. Mwenye gari haaminiki katika mambo haya, na mwenye Crown ndiye kabisa: ukimuuliza habari ya sura atakujibu habari ya shokapu, bei ya spea na fundi aliyemla hela Babati. Maoni safi hutoka kwa mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye Noah ya Haydom, amebanwa watu wanne kwenye kiti cha watatu, vumbi bado liko kwenye kope. Huyo ndiye anayejua Toyota walikosea wapi.

Jifunze historia kidogo, kiasi cha kukitisha kijiwe tu. Crown ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1955. Tangu hapo watu wakaizoea kuwa gari refu, la chini, la mkubwa kukaa nyuma akisoma gazeti. Kisha tarehe 15 Julai 2022 Toyota wakaonyesha Crown ya kizazi cha 16, na badala ya gari moja wakatangaza manne: Crossover, Sport, Sedan na Estate. Crossover ndiyo iliyotangulia sokoni, na ndiyo iliyoleta maneno. Imeinuka, paa limeteremka moja kwa moja hadi nyuma, taa za mbele zimebaki mstari mwembamba, na kuna zinazotoka na rangi mbili, ubavuni moja, boneti na paa nyeusi. Hata huko Japani, watu waliozeeka na Crown waliiuliza nasaba yake. Hapo ndipo na wewe unapoingilia.

Usiseme "mimi sijaipenda." Hayo ni maneno ya mtu anayeomba msamaha. Sema imeharibiwa, kisha utafute mnyama. Mnyama ni lazima. Kwa upande wetu fisi anakubalika: sema taa zile ni za fisi aliyemulikwa tochi usiku zizini. Kijiwe kitacheka, na ukishachekesha hakuna atakayekuuliza kama umewahi kuiona. Kuhusu rangi mbili waachie watu wa gereji. Wao watakuhakikishia kwamba boneti lile limetolewa kwenye gari jingine lililopinduka, na mwenyewe hajapata hela ya kulipaka rangi.

Baada ya hapo angalia umesimama wilaya gani, maana maoni ya Katesh, wilayani Hanang, hayafai Mbulu. Katesh imepitiwa katikati na lami ya Babati hadi Singida. Mtu wa Katesh anaruhusiwa kuzungumzia mwendo, rimu, namna gari linavyokaa barabarani, na hata ukimya wa injini, ingawa siku ya mnada haisikiki injini yoyote. Mbulu ni habari nyingine. Mbulu maoni yote yanaanzia chini ya gari. Utasikia: ina tairi nne zinazosukuma? Inazo, Crossover zote zinasukuma kwa tairi nne. Watu wataanza kuilegezea moyo. Ndipo utakapowatajia nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, milimita 145 hivi, na mtu mmoja atapima kwa vidole, aitazame barabara, aitazame tena mikono yake. Hapo mjadala wa sura umekwisha, umebaki wa sampo.

Wala usidhani hilo la barabara ni jambo la wakorofi wa kijiweni. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2022, wiki chache kabla Wajapani hawajaonyesha Crown yao, mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge Dodoma akidai barabara yetu iwekwe lami. Alibinuka na suti. Kama mheshimiwa amefika kuweka kichwa chini kwa ajili ya barabara, si adabu wewe kuchambua bampa la mbele bila kuitaja. Mwongozo huu unapendekeza uitaje kila baada ya dakika tano, hasa ukiishiwa hoja.

Atatokea mzee. Siku zote hutokea, na huwa anatoka kuuza vitunguu saumu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Hiyo gari yenu inabeba magunia mangapi?"

Usijaribu kumweleza kwamba si gari la mizigo. Jibu mawili, matatu ukikunja viti. Atatikisa kichwa na kusema Land Rover ya zamani ilibeba kumi na watu juu. Mkubalie. Hayo ndiyo maoni ya kina kuliko yote utakayoyasikia siku hiyo, na hayakuhitaji mnyama.

Kwa wanaotaka kuonekana wasomi, kuna Crown Sedan iliyofuata mwishoni mwa 2023. Hiyo wamerudisha urefu na heshima, inapita mita tano kwa mwanya wa vidole viwili, na moja ya matoleo yake inatumia haidrojeni. Liseme neno hilo taratibu mbele ya watu wanaonunua petroli kwenye chupa ya maji kando ya barabara, halafu unyamaze.

Sasa siri ya kazi, ambayo wachambuzi wengi wa kijiweni huificha. Maoni yako yasiwe na mizizi mirefu, maana utayang'oa mwenyewe. Mwezi Desemba 2012 Crown ya kizazi cha 14 ilizinduliwa kwa rangi ya waridi, na toleo lake la Athlete likiwa na sho iliyochongwa mfano wa radi. Ilisemwa sana. Leo Athlete hiyohiyo ikiingia Katesh imeoshwa, waliokuwa wakiicheka ndio wanaoiita Crown yenyewe. Wazungu nao ni vilevile: BMW walipobadilisha 7 Series mwaka 2001 na kuinua buti, maelfu ya watu walitia saini kutaka mbunifu Chris Bangle afukuzwe, naye akabaki kazini hadi 2009. Sisi tuna nafuu kidogo, kwa sababu magari mengi hutufikia yakiwa yamekwishatumika kwa Wajapani miaka mingi. Hasira yetu inapata muda wa kupoa melini. Crown ya 2022 itakapoanza kushuka bandarini kwa wingi, kwa bei inayosemeka, utaikuta kijiweni ikisifiwa na wewe mwenyewe, kwamba siku hizi hawatengenezi tena magari ya namna ile.

Na ikitokea leo imepita kweli, namba E, ikanasa kwenye tope la masika njia ya Haydom, maoni yasimame kwanza. Vua viatu, kunja suruali, sukuma. Ila sukuma kwenye buti. Taa ya nyuma usiiguse: ni mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, na ukiuvunja, usitegemee kuupata kwenye duka la spea Dongobesh wala Katesh.