Jinsi ya Kupika Kozi ya Uandishi ya Mwaka wa Kwanza

Ndugu mjumbe wa kamati, hongera kwa uteuzi. Barua uliyopewa inasema chuo kinataka kozi ya lazima ya uandishi kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na rasimu ifike Seneti kabla muhula haujaanza. Vua koti, agiza chai na maandazi. Kozi hii ni kama pilau: viungo kila mtu anavijua, lakini wengi huiharibu kwa kufunika sufuria kabla kitunguu hakijaiva.

Usianze na jina la kozi. Jina linaweza kumeza mchana mzima, wajumbe wakivutana kati ya "Stadi za Mawasiliano" na "Uandishi wa Kitaaluma", na chai ikapoa. Anza na hesabu. Chukua wanafunzi 600, kila mmoja insha moja, na dakika 15 za kuisoma na kuandika maoni pembeni. Hizo ni dakika 9,000, yaani saa 150. Mhadhiri mmoja akisoma saa sita kwa siku, asifundishe, asiugue, asiende msibani, atamaliza siku ya 25. Na hiyo ni insha ya kwanza tu.

Sasa gawa upya. Chama cha walimu wa uandishi wa vyuo vya Marekani, CCCC, kinashauri darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 20, na 15 ndiyo bora. Mfuko wetu haufiki huko, basi weka 30. Unapata semina 20. Wape wakufunzi wasaidizi saba, wengi wao semina tatu tatu. Kila mwenye semina tatu ana wanafunzi 90, na kusoma insha moja ya kila mwanafunzi kutamchukua saa 22 na nusu. Hiyo mtu anaiweza ndani ya wiki moja na bado akalala usingizi. Insha nne kwa muhula zinawezekana. Ukiniuliza kozi ni nini, nitakuonyesha hesabu hii. Mengine yote ni bizari.

Hatua inayofuata ni kuzuia sentensi moja isiingie kwenye rasimu: "Tatizo ni sekondari." Itakuja tu, usiwe na shaka, na itasemwa na mtu mwenye miwani mizuri. Mwambie kwa upole kwamba sentensi hiyo ni ya zamani kuliko chuo chetu. Harvard waliweka mtihani wa kuandika kwa wanaoomba kujiunga miaka ya 1870, wengi wakaanguka. Mwaka 1885 wakaifanya kozi yao iliyoitwa English A kuwa lazima kwa mwaka wa kwanza. Mwaka 1892 kamati yao ikatoa ripoti iliyozibebesha lawama shule zinazoandaa vijana. Shule zimelaumiwa vya kutosha, na hadi leo kila mwanafunzi mpya wa Harvard hupitia kozi ya uandishi. Kuandika kwa kiwango cha chuo hufundishwa chuoni, kwa kuwa hakuna mahali pengine ambapo kunahitajika.

Kwetu lipo la ziada, na hapa ndipo naomba tukae kidogo. Tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya umma Tanzania amefundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, lugha inageuka usiku mmoja. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha wazi kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo. Kijana aliyepita njia hiyo anafika kwako na kichwa kilichojaa na kalamu inayokwama. Usimpime kwa kalamu peke yake.

Hapa nenda kwa Mina Shaughnessy. Vyuo vya jiji la New York vilipofungua milango mwaka 1970 kwa kila aliyemaliza sekondari, yeye alikuwa akifundisha City College. Alisoma insha zipatazo 4,000 za wanafunzi wapya, na mwaka 1977 akatoa kitabu, Errors and Expectations, kilichoonyesha kuwa makosa yao yana mantiki. Jaribu na ya kwetu. Mwanafunzi anayemtaja mama yake kwa kiwakilishi cha kiume hajachanganyikiwa: Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa baba na mama. Mkufunzi anayelijua hilo husahihisha kwa sekunde tano. Asiyelijua humwaga wino mwekundu mpaka karatasi inafanana na kitambaa cha buchani.

Niliwahi kushika insha ya binti mmoja kuhusu maji. Kurasa mbili, zimechapwa stationeri, zinaanza na binadamu na uhai tangu enzi na enzi. Mstari wa mwisho kabisa ulisema kwamba kijijini kwao foleni ya kisima huanza saa kumi alfajiri, na ndoo huachwa zimejipanga mahali pa watu. Nikamwomba anieleze hizo ndoo, kwa Kiswahili. Alizungumza dakika kumi: nani huruhusiwa kusogeza ndoo ya mwenzake, mjane hupewa nafasi gani, ugomvi huamuliwa na nani. Ile ilikuwa insha nzima, ina hoja na ushahidi, na ilikuwa imekaa nje ya karatasi. Niliandika chini ya mstari ule: "Anzia hapa." Rasimu ya pili ilianzia hapo.

Kwa hiyo iandike kwenye kanuni za kozi, kwa herufi zinazosomeka: mwanafunzi aruhusiwe kupanga hoja, kujadili na kuandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, hata kama insha ya mwisho ni ya Kiingereza. Rasimu hiyo iandikwe kwa mkono, darasani. Programu za kompyuta za siku hizi zinaweza kuandika habari za maji kwa nusu dakika, ila za foleni ile haziwezi.

Mtihani wa mwisho uondoe. Mtihani wa kutaja mtumaji, mpokeaji na njia ya mawasiliano unajulikana mwisho wake: watadesa, watameza, watautema kwenye UE, yaani mtihani wa chuo, na atakayekamatwa atarudi kwenye sapu, mtihani wa marudio, kumeza tena. Weka badala yake jalada la insha nne, kila moja na rasimu zake, ili msomaji aone mtu alipotoka na alipofika.

Fundisha wakufunzi wasaidizi wiki moja kabla ya muhula: waketi pamoja, wasome insha zilezile kumi, wabishane kuhusu maoni watakayoandika. Na walipwe kwa wakati.

Rasimu ikiwa tayari, kabla hujaweka saini, fungua ukurasa wa bajeti na utafute mstari wa wakufunzi wasaidizi. Ukiukuta mtupu, rudisha kalamu mfukoni na uombe kikao kingine.