Kesi ya Jani Lililoliwa

KASUKU: Mchwa, jana asubuhi muswada wa sarufi ya Kisanskriti ulikuwa mzima, majani yote ya mvumo yamepakwa mafuta ya mchaichai. Leo la tatu limebaki tundu la uzi. Nani alikula?

MCHWA: Jaghāsa.

KASUKU: Umekiri! Hilo ni “kula” katika wakati uliopita. Nalikariri tangu nikiwa kinda.

MCHWA: Taratibu, mzee wangu. Umelikariri, hukulifungua. Ukilitafuta kwenye kamusi penye ja utatoka mikono mitupu, kwani ja hiyo si ya mzizi. Mzizi ni ghas, na umbo hili huanza kwa kurudia silabi ya kwanza. Ila gha hairudiwi ilivyo, hupoteza pumzi ikawa ga, na ga ikageuka ja. Tena ghas yenyewe ni kaimu tu: “anakula” ni atti, mzizi ad, na mwanasarufi Panini ndiye aliyeiruhusu ghas ikalie kiti hicho. Lakini kesi yetu imo katika maana. Kisanskriti kina zaidi ya njia moja ya kusema lililopita. Kwa mlo wa leo ningesema aghasam; kwa wa jana nilioushuhudia, ādam. Jaghāsa, kwa kanuni ya Panini, ni ya jambo lisilo la leo ambalo msemaji hakuliona.

KASUKU: Basi umejifunga! Jaghāsa ni “alikula”, lakini pia ni “nilikula”. Mtu atakulaje asishuhudie mlo wake mwenyewe?

MCHWA: Pingamizi hilo ni la zamani. Wafafanuzi wa Panini walijibu kwamba aliyelala au aliyelewa aweza kujisema hivyo: eti nilipayuka, ndivyo nilivyoambiwa. Patanjali, mmoja wao, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, akaenda mbali zaidi. Alimtaja Sakatayana, aliyeketi kando ya njia, msafara mzima wa magari ya kukokotwa ukapita asiutambue. Macho yalikuwepo, akili haikuwepo. (Sishangai kwamba huyo naye alikuwa mwanasarufi.) Kwa hiyo kuwepo mahali si kushuhudia.

KASUKU: Hayo ni ya vitabuni. Washairi waliofuata waliyachanganya maumbo hayo kwa kadiri mizani ilivyowataka.

MCHWA: Kweli, na wala siwatetei. Ila tazama: umbo hili wamelijaza katika “yeye” na “wao”, huku “mimi” ikibaki adimu. Tofauti ingekuwa imekufa kabisa, wangesita kwa nini hapo?

KASUKU: Haya, wewe ulikuwa umelala au umelewa?

MCHWA: Mimi ni kibarua wa kichuguuni, macho sina. Kila mlo wangu wa jana ni jaghāsa. Wewe uliyewekwa mlinzi, mwenye macho mawili, ulikuwa wapi?

KASUKU: Hapa hapa, juu ya rafu. Nilikuwa nakariri.