Sifuri Sita

Jumapili baba mkwe alipiga magoti mbele ya mashine yangu ya santuri, akalisogeza sikio hadi karibu na sindano, akanyanyua kidole wajukuu wanyamaze. "Anaimba," akasema kwa upole unaoua. "Ila anaimbia humo humo ndani." Mashemeji wakaangua kicheko hadi pilau likawapalia. Amplifaya inawaka, spika zimenuna, na Mbaraka Mwinshehe niliyewatangazia wiki nzima anasikika kama mbu.

Chanzo ni kapasita. Katriji yangu, kile kichwa kinachobeba sindano, ni Shure V15 Type III, kizee cha miaka ya 1970 chenye masharti. La kwanza, mzigo wa omu 47,000, halina taabu. Karibu kila amplifaya yenye tundu la santuri inao. La pili ndilo kiboko: pikofaradi 400 hadi 500. Hapa mnivumilie, maana jambo hili linaninyima usingizi. Sindano hutikisa kijisumaku, koili ikazaa umeme. Koili ina uvivu wake, milihenri 500, na kadiri sauti inavyokuwa kali ndivyo inavyoipitisha kwa shida. Waya unaotoka hapo hadi kwenye amplifaya nao, bila kuombwa na mtu, ni kapasita. Wawili hao wakikutana huchagua mahali pa kupayuka pamoja. Kwa pikofaradi 200, ambazo ndizo nilizonazo, nundu hiyo ya sauti hukaa kwenye hezi 16,000 hivi: tarumbeta inapwaya, herufi "s" inachoma. Zikifika 450, nundu hushuka hadi karibu 10,600, na waliounda katriji waliitegemea hapo, ibebe pale sindano inapolegea. Yaani waya ni sehemu ya ala! Tangu nijue hivyo siwezi tena kuukanyaga.

Basi nikataka pikofaradi 220 za kuongezea kila upande. Fundi wa Kariakoo akapekua kopo lake, akachomea, akanirudishia mashine na tabasamu. Alichotia ni mikrofaradi 220. Wageni walipoondoka nikampigia.

"Si mia mbili na ishirini, kaka? Tena hizo ndiyo kubwa."

Kubwa mara milioni moja! Umeme wote wa muziki ulizama humo, spika zikaambulia patupu. Kilichobaki ni sindano yenyewe kutetemeka ndani ya mfereji wa sahani, na huo ndio wimbo uliopigiwa magoti na baba mkwe.

Wakati wa kuzing'oa kapasita hizo, fundi akakata waya wa kushoto. Kisha dada wa nyumbani akapangusa vumbi, sindano ikaondoka na kitambaa.

Dada simlaumu. Ninaowalaumu ni wauza sindano. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, nasi wenye vizee tumeachiwa mikononi mwa watu hawa. Nilipotafuta sindano nyingine, niliuziwa ncha ya duaradufu, ile ambayo ubavu wake mwembamba husoma hata mikunjo midogo ya mfereji, kwa bei ya kuwalipia watoto ada. Kuiweka chini ya lenzi, ncha ni ya mviringo wa kawaida, gundi imefurika, almasi imelala upande. Ncha ya namna hiyo haiishii kuimba vibaya. Inakwangua sahani, na sahani ya Morogoro Jazz ya miaka ile ikikwanguliwa sina pa kuipata nyingine. Hela yangu wamekula, sasa wanataka na muziki. Nikamtumia muuzaji picha. Akajibu upesi, hilo nampa:

"Bosi, punguza trebo."