Nyumba Inayovuja Jua Likiwaka

Nyamira kila mtu anajua pa kuweka beseni mvua inapoanza. Alasiri wingu linatanda, mabati yanapiga kelele, na nyumba yenye tundu inajitaja yenyewe. Ndiyo maana mwandishi wa makala haya alikosa la kusema nyumba yake mpya ilipoanza kuvuja saa sita mchana, jua likiwaka kama la Kisumu, kisha ikakauka mara tu mvua iliponyesha.

Maji yalitoka kwenye valvu ndogo kando ya hita ya sola. Tone, tone, tone. Bakuli la jiwe la Tabaka, lililonunuliwa kwa ajili ya matunda, likawekwa chini yake. Ndizi zikahamia kwenye kochi.

Fundi wa kwanza alipanda paani, akagongagonga mabati, akashuka na bili ya misumari. Wa pili alitoka Keroka, mji uliokaa mpakani na unaodaiwa na Kisii na Nyamira kwa pamoja, kwa hiyo amezoea vitu visivyojua mipaka yao. Huyu hakupanda popote. Aliuliza tu: "Maji yakipata moto, mzee, yanaenda wapi?"

Swali la kuudhi, lakini lina hesabu yake. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kwa takriban asilimia 1.6. Tanki la lita 150 hujikuta na lita mbili na nusu hivi zisizo na makao, na maji si kitu cha kubanwa. Sufuria haijui taabu hiyo: yaliyozidi humwagika, moto ukafoka kidogo, basi. Mama yake mwandishi amechemsha maji maisha yake yote bila valvu hata moja, na hakukosa kulitaja hilo. Hata nyumba zenye tanki la plastiki juu ya mnara na hita chini yake haziteseki, kwa kuwa maji yaliyofura hurudi polepole kwenye tanki la juu, ambalo liko wazi kwa hewa.

Mwandishi, yeye, alitaka shawa yenye nguvu kama ya hoteli. Akanunua pampu, na pampu ikaja na valvu inayoruhusu maji kuingia na kuyakataza kurudi. Ukabaki mlango mmoja wa dharura, ile valvu ya usalama, iliyokuwa ikifanya kazi yake kwa uaminifu huku ikitukanwa kila mchana.

Hapa inabidi kuungama. Kabla fundi wa Keroka hajafika, mwandishi alikuwa ameshachonga kijiti cha kuizibia. Fundi alikiona mezani, akanyamaza kwa muda, kisha akakivunja vipande viwili na kukitia mfukoni mwake. Hita iliyozibwa valvu ya usalama inaweza kulipuka, na paa lilikuwa bado na misumari mipya.

Dawa ni tanki dogo la chuma lenye mfuko wa mpira ndani: maji upande huu, hewa upande ule. Maji yakifura, hewa hubanwa. Yakipoa, hewa huyasukuma yarudi. Mpira wenyewe uwe wa aina inayofaa maji ya kunywa, maana ni hayo hayo yanayofika jikoni. Na hewa sharti ilingane na presha ya maji yanayoingia, ambayo kwa mwandishi ilikuwa bar 2, karibu sawa na tairi la gari dogo.

Kwa kubana matumizi, mwandishi alinunua lililokwisha kutumika. Likafungwa. Kesho yake saa sita, tone.

Fundi hakuwa na kipimo cha hewa, lakini kijipua cha tanki hilo ni kile kile cha tairi, basi akaitwa kijana wa pancha kutoka steji ya bodaboda, pampu begani. Kijana alifungua kifuniko, akainama, akabonyeza kwa msumari asikie hewa, kama afanyavyo siku zote. Maji yakamruka machoni.

Alijipangusa, akalizunguka tanki mara moja.

"Tyubu imepasuka, mzee," akasema, na kuanza kutafuta pa kuingizia chuma chake cha kung'olea tairi.