Vidole Viwili, Jumamosi Moja

Methali ya kidole kimoja kutovunja chawa ni methali mchapakazi. Imefungua vikao vingi vya harusi kabla ahadi hazijaanza kuandikwa, imechangisha mabati ya zahanati na mazulia ya msikiti, na haikosi kutokea kwenye mtihani wa Kiswahili ikingoja mwanafunzi aeleze maana yake ya ndani. Maana ya nje haina alama. Hakuna msahihishaji atakayemkubalia mtoto aliyejibu kwamba chawa huvunjwa kwa kumbana kati ya kucha mbili za vidole gumba, ingawa huenda mtoto huyo ndiye pekee darasani aliyesema jambo linaloweza kupimwa. Halafu siku chawa mwenyewe anapoingia nyumbani, yule wa miguu sita, juu ya kichwa cha mwanafunzi wa darasa la pili, methali huachwa sebuleni na wageni. Mama anafunga mlango wa bafu, anateremsha sauti, anamwapisha mtoto asimwambie mtu, na vita vinaanza kwa kidole kimoja.

Ninachoshikilia ni hiki: chawa wa watoto wa shule harudi kwa sababu nyumba ni chafu, na udhaifu wa dawa peke yake hautoshi kueleza ukaidi wake. Anarudi kwa sababu kila nyumba inapigana naye kwa siri na kwa tarehe yake. Mabibi waliotuachia ile methali walikuwa wakitoa maelekezo ya matibabu. Sisi tukayageuza kuwa hotuba ya mgeni rasmi.

Najua wapo watakaosema jambo hili haliwahusu. Siku hizi ukitaja chawa Dar es Salaam, msikilizaji anageuka kutafuta ni mheshimiwa gani amefika, maana neno limehamia kwa watu wazima wanaoishi kwa kusifia wakubwa. (Naye huyo hukaa kichwani mwa mtu na hung'ang'ania, lakini kitana hakimfikii.) Tena katika shule zetu nyingi watoto hunyolewa, na chawa bila nywele ni mpangaji bila nyumba. Lakini ipo familia iliyohamia Leicester au Minneapolis, ambako barua ya chawa kutoka shuleni ni sehemu ya mwaka wa masomo kama vile likizo. Nchini Marekani pekee hukadiriwa kwamba kila mwaka watoto kati ya milioni 6 na milioni 12 wenye umri wa miaka 3 hadi 11 hupata chawa. Watoto weusi wa huko huwapata kwa nadra zaidi, huenda kwa sababu makucha ya chawa wa kule yamezoea kushika unywele wa umbo jingine. Ndiyo maana mzazi wa Kiafrika huisoma ile barua kwa utulivu, kama tangazo la theluji ya mji wa mbali. Asijisahau. Nywele za kipilipili ni punguzo la bei, haziondoi deni lote. Na familia za pwani, ambako ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na nywele za aina tatu, hazina haja ya kusafiri ili kujua kitana chenye meno yaliyobanana ni cha kazi gani.

Tuanze na aibu, kwa kuwa ndiyo inayofunga mlango wa bafu. Aibu hii haikutoka hewani; ina historia, ila imebandikwa kwa mtu asiyehusika. Chawa wa kichwa ana ndugu yake, chawa wa nguo, anayeishi kwenye mishono ya mavazi yasiyobadilishwa wala kufuliwa, na ndugu huyo ana faili polisi. Hueneza taifasi, homa ambayo si taifodi na haitaki masihara. Charles Nicolle, daktari Mfaransa aliyefanya kazi Tunis, aliona kwamba wagonjwa wa homa hiyo huacha kuambukiza wenzao wakishavuliwa nguo zao, kuogeshwa na kuvishwa za hospitali. Mwaka 1909 alithibitisha kwamba mbebaji ni chawa, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel. Si habari ya kale tu, wala ya mbali. Mwaka 1997 taifasi ililipuka katika kambi za waliokimbia vita nchini Burundi na kuwapata makumi ya maelfu ya watu, waliokuwa na baridi, nguo moja na maji ya kugawana. Kwa hiyo bibi aliyeshtuka kumwona chawa alikuwa na sababu. Tatizo ni kwamba tumemhukumu chawa wa kichwa kwa makosa ya ndugu yake. Huyu wa watoto wa shule hawashwi wala hafurahishwi na usafi wa mtu, na kwenye kichwa kilichooshwa asubuhi hula chakula chake kama kawaida. Anakera, anawasha, anaharibu usingizi, lakini madaktari hawamhesabu kuwa mweneza magonjwa. Kosa lake ni la jinai ndogo, la kutozwa faini na kuachiwa, lakini tunamfungulia kesi ya uhaini, na mama wa mtoto ndiye anayepanda kizimbani.

Ukiondoa aibu, kinachobaki ni kalenda, na kalenda ya chawa inajulikana vizuri. Mkubwa wake ni kiasi cha punje ya ufuta. Hana mabawa, haruki kama kiroboto, anatembea tu; na anachohitaji ili ahame ni vichwa viwili kugusana kwa muda, jambo ambalo watoto walioinamia simu moja humfanyia bila kuombwa. Akianguka nje ya kichwa, kwa kawaida hufa katika siku moja au mbili kwa njaa, hivyo anayechoma magodoro anajitia hasara bure. Jike huishi takribani mwezi na huweza kutaga hadi mayai 8 kwa siku, akiyagandisha kwenye unywele kwa gundi ambayo fundi viatu angeionea wivu. Mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na baada ya siku nyingine kama 10 vifaranga hao nao ni wazazi. Sasa ongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kujikuna. Siku mama anapomwona chawa wa kwanza na kuuliza kwa hasira mtoto alikuwa wapi jana, jibu la haki ni kwamba jana haikuhusika. Chawa yumo humo tangu mwezi uliopita, na katika muda huo mtoto amekwisha kulala kwa binamu na kuinamia simu za nusu ya darasa. Nyumba ya kwanza inatibu Jumamosi hii, ya pili Jumamosi ijayo baada ya mshahara, ya tatu inasubiri shangazi aje na dawa yake. Chawa anazunguka nyumba hizo kama mdeni anayejua siku za kila mdai. Mwisho wa mwezi kila mama ameshinda, na chawa wapo palepale.

Watu wa dawa watanijibu kwamba yote haya ni maneno mengi kwa sababu ya chupa moja ya duka la dawa. Ingekuwa hivyo, ningefurahi kunyamaza. Lakini uchunguzi wa chawa waliokusanywa katika majimbo 48 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta mabadiliko ya kurithi yanayowawezesha kustahimili permethrin, dawa ya miaka mingi, yakiwa kwa zaidi ya asilimia 95 yao. Chawa wameisomea. Basi kitana? Hapa lazima niseme ukweli unaonipunguzia ushindi. Jaribio moja la Uingereza la mwaka 2005 lilionyesha kuchana nywele mbichi kwa kitana maalumu kumewaponya asilimia 57, huku dawa za dukani zikiponya 13 tu. Lakini jaribio la mwaka 2000 huko Wales lilikuwa limekuta kinyume chake: kitana asilimia 38, dawa ya malathion 78. Wapenzi wa kila upande huchukua mwaka wanaoupenda na kuondoka. Mimi nachukua majaribio yote mawili, kwa sababu katika yote mawili kuna watoto waliobaki na chawa, na hao waliobaki hawahamishiwi kisiwani. Jumatatu wanakaa dawati moja na waliopona. Hata kama dawa yako ni bora kuliko zote, inapigana na dawati, na dawati halinywi dawa.

Binafsi nampendelea mchanaji, kwa sababu chawa hawezi kujifunza kustahimili meno ya kitana. Nywele zinalowanishwa, zinapakwa kilainishi kwa wingi, zinachanwa fungu kwa fungu kuanzia ngozini hadi ncha, kitana kinapanguswa kwenye kitambaa cheupe ili ushahidi uonekane, na kazi inarudiwa kila baada ya siku chache kwa wiki mbili ili anayeanguliwa leo asipate muda wa kutaga. Ni kazi ya kuchosha, na haina jipya hata kidogo. Huko Lachish, mji wa kale wa Wakanaani, kilipatikana kitana cha pembe ya ndovu chenye umri wa miaka kama 3,700, kikiwa na maandishi ambayo wataalamu waliyatangaza mwaka 2022 kuwa sentensi kamili ya kale zaidi kujulikana katika alfabeti ya Kikanaani. Watu wamepata herufi, uvumbuzi mkubwa wa akili, na sentensi ya mwanzo iliyotufikia ni dua ya kukiomba kitana kiondoe chawa wa nywele na ndevu. Kwamba mwenye pembe ya ndovu naye alikuwa na chawa ni jibu tosha kwa wanaosema huu ni ugonjwa wa maskini.

Wazee wa mafuta ya taa nitawapitia haraka: mafuta hayo yanaunguza ngozi, yanalipuka, na yamekwisha kuwapeleka watoto hospitali. Dawa ya kupulizia mbu kichwani ni upumbavu wa namna hiyohiyo ila una manukato. Wanaosema tunyoe tu wana hoja nzuri zaidi, kwa kuwa kunyoa kunafanya kazi kweli, ila mashine ya kinyozi isiyosafishwa humtoa chawa na kuleta mapunye, na binti wa miaka tisa aliyenyolewa katikati ya muhula ametangazwa kwa spika.

Hoja ya kumfukuza mtoto shule mpaka yai la mwisho litoke ndiyo inayopendwa na kamati za wazazi, hasa wazazi wa watoto ambao hawajakaguliwa. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeipinga kwa miaka mingi, na hesabu ni ile ya kalenda: mtoto anayetolewa leo alikuwa akiinamiana na wenzake kwa wiki kadhaa. Tena mayai mengi yanayoonekana mbali na ngozi ni maganda matupu. Ni sawa na kumfukuza mtu mjini kwa kukutwa na risiti ya duka lililofungwa. Kinachopatikana ni mtoto aliyekosa hesabu za wiki nzima, na somo kwa wazazi wengine wote kwamba anayesema ukweli ndiye anayeumia.

Na hapo ndipo lilipo pingamizi ambalo nalikubali kuwa zito. Mtasema: wazazi hawatashirikiana, kwa sababu wa kwanza kufungua mdomo ndiye atakayeitwa mama chawa mpaka mtoto amalize kidato cha nne. Kweli kabisa, na kumhubiria mama huyo ujasiri ni kumwomba alipe deni la darasa zima. Dawa ni kuondoa nafasi ya kuwa wa kwanza. Uingereza shirika la Community Hygiene Concern lilianzisha siku maalumu za kuchana, zinazojulikana mapema, ambapo nyumba zote za shule zinahimizwa kukagua na kuchana pamoja, mwenye chawa na asiye naye. Uzuri wake uko kwenye tarehe zaidi ya kitana. Mtu anayechana kwa sababu kalenda imesema achane hajakiri kosa lolote, kama ambavyo anayefanya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi hajatangaza kwamba kwake kunanuka.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, muhula huu usisubiri barua. Andika tarehe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp sasa, wakati hakuna anayejikuna: Jumamosi, saa nne asubuhi, kila nyumba na kitana chake na kitambaa cheupe, watoto wote, na baba wenye ndevu wasijifiche. Atakayeuliza ni nani aliyeanza, apewe kichwa cha kwanza achane.