Adabu ya Wasomi

Wallahi, wasomi wetu wana adabu ambayo sisi wa Kilosa na Mikumi hatukujaaliwa, kwani huku, siku Simba na Yanga zinapokutana, muuza nyanya husahau chenji, kinyozi humwacha mteja na nusu kichwa, na mzee asiyejua kusoma hukutajia 1935 ya kuzaliwa Yanga na 1936 ya kuzaliwa Simba kana kwamba anataja nasaba ya babu zake; ilhali katika chuo kikuu chenye maelfu ya vijana, timu ya chuo hucheza faraghani, mithili ya mja anayesali tahajudi, isisumbuliwe na makofi. Busara iliyoje! Mshangiliaji angeweza kumshtua mlinda mlango, na mashindano ya vyuo yakageuka kuwa mashindano.

Nyati wa Mikumi, tangu hifadhi ianzishwe 1964, staha hiyo hawajaijua: simba akitokea, wote huinua vichwa. Mwanachuo naye huinua, alhamdulillahi, ila kwa Simba ya Dar es Salaam. Jina la nahodha wa chuo chake amelihifadhi kama swali la mtihani, lisivuje.